Wengi Wape, Lakini Wape Nini?

Wahenga walisema, "Wengi wape," na wapo wanaoongeza, "usipowapa watakunyang'anya." Methali hii tumeifundisha miaka na miaka madarasani kama funzo la adabu: mtu mmoja asishindane na umma. Hata hivyo, mwalimu wa lugha akiitazama kwa makini ataona mambo mawili. La kwanza, kile kipande cha mwisho hakisemi kwamba wengi wana haki; kinasema kwamba wana nguvu. Ni onyo tu, si hukumu. La pili, kitenzi "pa" hutaka yambwa mbili: yule anayepewa na kile anachopewa. Methali imemtaja anayepewa, na kile kinachotolewa imekiacha bila jina. Wengi wape, sawa. Lakini wape nini?

Swali hili si la sarufi peke yake. Popote watu wakutanapo ili kuamua mambo ya mtaa wao, yawe ya maji, ya barabara, ya soko, na hasa ya shule ya watoto wao, swali hilo huwa limeketi nao hata kama halimo katika ajenda. Je, waliochaguliwa na wengi wana haki ya kuamua lolote? Na kama haki hiyo ina mpaka, mpaka wenyewe uko wapi?

Katika makala haya nimekusudia kulijadili swali hilo kwa kutumia kisa kimoja cha kweli, kilichotokea Marekani katika viunga vya jiji la New York. Nimechagua kisa cha mbali kwa makusudi. Mambo ya jirani hututia upendeleo, kwa kuwa kila mmoja wetu ana ndugu upande fulani. Ya mbali twaweza kuyapima kwa mizani iliyotulia, kisha tukarudi nyumbani na mizani ileile.

Kwanza yafaa tujue bodi ya shule ya huko ni chombo cha namna gani. Marekani haina wizara moja inayoongoza shule zote za nchi. Elimu ni kazi ya majimbo, nayo majimbo yamekabidhi sehemu kubwa ya madaraka hayo kwa wilaya za shule, ambazo zipo kwa maelfu. Katika viunga vya jimbo la New York, wajumbe wa bodi ya wilaya huchaguliwa na wakazi wenyewe, nao hawalipwi mshahara. Fundi, mama wa nyumbani, mwanasheria, karani: yeyote aweza kugombea. Fedha nyingi hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi, na kila mwaka, mwezi wa Mei, wakazi huipigia kura bajeti ya shule. Mikutano hufanywa jioni, aghalabu katika ukumbi wa shule, wajumbe wakiwa wameketi mbele na wazazi wakiwaelekea. Ni vigumu kupata serikali iliyo karibu na mlango wa mwananchi kuliko hiyo.

Sasa tukitazame kisa chenyewe. Kati ya mwaka 1947 na 1951, kampuni ya Levitt ilijenga nyumba zaidi ya 17,000 katika mashamba ya viazi ya Long Island, hasa kwa ajili ya askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili. Mji huo ukaitwa Levittown, na ukawa mfano wa viunga vya Kimarekani. Nyumba zilifanana kama mayai, na bei yake iliweza kulipwa na mtu wa kipato cha kawaida. Lakini katika mikataba ya mwanzo mliandikwa sharti kwamba nyumba isikaliwe na mtu asiye Mzungu, isipokuwa akiwa mtumishi wa nyumbani. Nawaomba wasomaji walihifadhi sharti hilo akilini, tutalirudia.

Sehemu ya mji huo imo katika wilaya ya shule iitwayo Island Trees. Mwezi Septemba 1975 wajumbe watatu wa bodi yake walihudhuria mkutano wa chama cha wazazi wa jimbo hilo, wakarudi na orodha ya vitabu vilivyodaiwa kuwa havifai kusomwa na vijana. Usiku mmoja wa mwezi Novemba wawili kati yao walimwomba mtunza majengo awafungulie maktaba ya shule ya upili, wakaipekua faharasa ya kadi ili waone vipi vilivyomo. Hatimaye ikajulikana kwamba vitabu tisa vilikuwa katika maktaba hiyo, kimoja katika shule ya chini yake, na kimoja zaidi katika masomo ya darasa la mwisho. Jumla ni 11. Miongoni mwake kulikuwa na riwaya ya Kurt Vonnegut, Slaughterhouse-Five. Riwaya ya Bernard Malamud, The Fixer. Tawasifu ya Richard Wright, Black Boy. Na mkusanyo wa hadithi fupi za waandishi Weusi ulioandaliwa na Langston Hughes.

Mwezi Februari 1976 bodi iliagiza vitabu viondolewe rafuni na kupelekwa ofisini kwake. Mkurugenzi wa shule za wilaya hiyo alipinga. Alikumbusha kwamba utaratibu upo tayari: kitabu kikilalamikiwa, kamati huteuliwa ikisome kwanza, ndipo shauri liamuliwe. Bodi ilishikilia agizo lake, na katika taarifa yake kwa magazeti ikaeleza kuwa vitabu hivyo ni vichafu, vinaitukana nchi na dini, na kwamba ina wajibu wa kuwakinga watoto na hatari ya maadili kama inavyowakinga na hatari ya mwili. Baadaye iliteua kamati ya wazazi wanne na watumishi wanne wa shule. Kamati ikavisoma vitabu. Mwezi Julai ilipendekeza vitabu vitano vibaki na viwili viondolewe. Juu ya vile vingine haikufikia kauli moja, au ilishauri masharti. Bodi ikayaweka kando mapendekezo hayo karibu yote. Kitabu kimoja kilirudishwa bila sharti, kimoja kwa idhini ya mzazi, na tisa vikaondolewa. Bodi haikutoa sababu yoyote ya kuikataa kauli ya kamati iliyoiteua yenyewe.

Januari 1977 wanafunzi watano, mmojawao akiwa kijana aitwaye Steven Pico, waliishtaki bodi. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo ilitoa hukumu tarehe 25 Juni 1982. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kesi iendelee kusikilizwa, lakini hata hao watano hawakuwa na hoja moja. Jaji William Brennan, akiungwa mkono na baadhi yao, alisema kwamba bodi yaweza kuondoa kitabu kwa sababu ya matusi au kutofaa kwake kielimu; haiwezi kukiondoa katika maktaba kwa kuwa tu imechukizwa na mawazo yaliyomo. Mwezi Agosti mwaka huohuo bodi ilipiga kura vitabu virudishwe rafuni.

Huo ndio mkasa kwa ufupi. Sasa tuingie katika hoja.

Haingekuwa haki kuwafanya wajumbe wale vibaraka wa ujinga, maana wana hoja nzito. Mtoto si mali ya mkutubi wala ya mwalimu. Wazazi ndio waliomzaa, ndio wanaolipa kodi, na ndio waliochagua bodi ili iwe macho yao. Maktaba haiwezi kuwa na vitabu vyote vya ulimwengu. Hapana budi mtu achague, na kila anayechagua huacha. Kama mkutubi, ambaye hakuchaguliwa na mtu, ana ruhusa ya kuacha, kwa nini mjumbe aliyepigiwa kura asiwe nayo? Jaji Mkuu Warren Burger, mmoja wa wale wanne walioshindwa, alionya kwamba mahakama itageuka kuwa mkaguzi mkuu wa maktaba za shule. Naye Jaji Lewis Powell, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya shule ya mji wa Richmond, Virginia, kuanzia 1952 hadi 1961, alizitetea bodi hizo kuwa ni vyombo vya kidemokrasia vilivyo karibu mno na watu. Mzazi yeyote miongoni mwetu aliyewahi kufunua begi la mwanawe akakuta karatasi ya aibu ataielewa hofu ya Island Trees.

Nakubali hoja hiyo kwa sehemu yake kubwa. Wengi wapewe madaraka ya kuchagua viongozi, ya kupanga kodi, na hata ya kusema kitabu fulani hakifai umri fulani. Lakini yapo mambo matatu ambayo kura haziwezi kumpa mtu yeyote, kwa kuwa si ya wapiga kura kuyatoa.

La kwanza ni ruhusa ya kuamua kabla ya kusikia. Tazama mpango wa matukio: orodha ilitangulia, upekuzi wa usiku ukafuata, kisha agizo, na kamati ya kusoma ikaja mwishoni. Utaratibu wao wenyewe ulikuwa umeweka kusoma kwanza na kuamua baadaye. Wao wakaugeuza miguu juu, kichwa chini. Lugha yetu inalijua jambo hili vizuri. Neno "shauri" lina maana ya mawaidha, na pia lina maana ya jambo lililo katika mabishano; ndani ya neno "halmashauri" mna "shauri". Halmashauri isiyoshauriana imebaki na jina tupu. Kama uamuzi umekwisha kufungwa kabla ya kikao, basi kikao ni mchezo wa kuigiza, na wazazi walioacha shughuli zao jioni wamekuja kutazama.

La pili ni ruhusa ya kutotoa sababu. Bodi ilikuwa na uwezo wa kukataa kauli ya kamati. Kamati hushauri, haitawali. Ila watu wanane walikuwa wamejitolea kusoma na kujadiliana kwa uaminifu. Walistahili kujibiwa kwa hoja. Anayetoa sababu humheshimu anayemwambia, kwa kuwa humpa nafasi ya kujibu, na yeye mwenyewe huikubali hatari ya kuonekana amekosea. Anayeamua kimya humwambia mwenzake, "Wewe si wa kujibiwa." Mtu aweza kushindwa kwa kura akarudi nyumbani na heshima yake. Akinyimwa sababu, hata heshima hiyo imechukuliwa.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni ruhusa ya kuwasahau wasiokuwapo. Hapa turudi kwenye lile sharti la mikataba. Bodi ya Island Trees ilisema kweli kwamba imechaguliwa na wakazi. Lakini wakazi ni nani? Mji ule ulianza kwa kuchuja nani awe jirani na nani asiwe. Miaka kama thelathini baadaye, katika vile vitabu 11 vilivyokamatwa, vinne vilitungwa au kukusanywa na waandishi Weusi: Wright, Hughes, Alice Childress na Eldridge Cleaver. Kingine ni cha Piri Thomas, mwana wa wahamiaji wa Puerto Rico na Kuba. Kingine kilimhusu Myahudi aliyesingiziwa uuaji. Sidai kwamba wajumbe walikusudia ubaguzi. Wao walisema walichukizwa na matusi, na matusi yalikuwamo. Ninachosema ni kwamba watu waliozuiwa kuingia mjini kwa miguu walikuwa wameingia kwa njia ya kitabu, na mlango huo nao ukafungwa kwa kura ambayo wao hawakuweza kuipiga. Wengi wa mahali fulani ni wengi wa mahali pale tu, na pengine wingi wao umetengenezwa na ukuta.

Kisa cha Jaji Powell chatufundisha jambo hilohilo. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilikuwa imeharamisha kutenga watoto shuleni kwa rangi zao. Hata hivyo, mwaka 1961, Powell alipoondoka katika bodi ya Richmond, watoto Weusi waliosoma pamoja na Wazungu katika mji huo walikuwa wachache mno. Bodi ile ilikuwa karibu na watu kweli. Lakini ilikuwa karibu na baadhi yao.

Na wanafunzi je? Wao ndio waliokuwa wasomaji wa vitabu vile, na ndio pekee waliokosa kura kwa sababu ya umri. Yamkini mtu atasema kwamba mtoto hana kauli mbele ya wakubwa. Ni kweli kwamba mtoto hana kauli ya mwisho. Lakini kuna tofauti kati ya kauli ya mwisho na kauli yoyote. Vijana watano wa Island Trees walilazimika kwenda mahakamani, na kungoja miaka mitano na zaidi, ili wapate masikio ambayo mkutano mmoja wa jioni ungaliweza kuwapa.

Ndiyo maana naona kwamba mpaka tunaoutafuta hauko katika orodha ya mambo ambayo wengi waruhusiwe au wakatazwe. Orodha kama hiyo haitakwisha kubishaniwa. Mpaka uko katika njia ya kufikia uamuzi. Wengi wape neno la mwisho. Neno la kwanza wape watakaobebeshwa uamuzi huo. Kura inapopigwa baada ya hao kusikilizwa na kujibiwa, hata aliyeshindwa ana sababu ya kuitii. Inapopigwa kabla, ni nguvu tu iliyovaa kanzu ya haki, na ndiyo nguvu ambayo methali ilituonya.

Msomaji mwangalifu atanipinga hapa. Atasema kwamba mikutano ya kusikiliza kila mtu haina mwisho, na kwamba huko Marekani kwenyewe, tangu mwaka 2021, mikutano mingi ya bodi za shule imekuwa ya makelele na vitisho juu ya vitabu na mafunzo. Je, kuwapa watu nafasi ya kusema si kuwapa nafasi ya kutukanana? Pingamizi hili ni la haki. Sheria peke yake hailitatui. Sheria ya mikutano ya wazi ya jimbo la New York, iliyoanza kutumika Januari 1977, mwezi uleule wa mashtaka ya Island Trees, inampa mwananchi haki ya kuhudhuria na kusikiliza; haimpi haki ya kusema. Humpa kiti, haimpi ulimi. Bodi nyingi humwongezea dakika chache kwa hiari yake. Lakini hata dakika hizo hazitoshi iwapo wajumbe hawatakiwi kujibu. Mtu anayejua kwamba neno lake litazingatiwa hupima maneno. Anayejua kwamba halitabadili kitu hupaza sauti, kwa kuwa sauti ndiyo iliyobaki. Makelele mengi ya mikutanoni ni mtoto wa uamuzi uliokwisha fanywa faraghani.

Sasa na turudi nyumbani na mizani yetu. Suala la vitabu si geni katika ukanda huu: mwezi Februari 1983 lingeonekana la mbali, lakini mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, kwa hoja ya kulinda maadili. Hoja yaweza kuwa njema. Swali letu linabaki kuwa lilelile, yaani nani alisikilizwa kabla. Kwetu Uganda, Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeweka kamati za usimamizi katika shule za msingi na bodi za magavana katika shule za upili, na wajumbe wengi wa vyombo hivyo hupendekezwa na waasisi wa shule. Katika ngazi ya mtaa, Julai 2018 tuliwachagua wenyeviti wa vijiji kwa kupanga mistari nyuma ya wagombea, mara ya kwanza tangu 2001. Katika mstari, wachache huonekana kwa macho, na majirani huwahesabu kwa majina. Anayesimama katika mstari mfupi mbele ya mwenye nyumba wake amelipa bei ambayo sanduku la kura halimdai.

Viunga vya Kampala, kama vile Kira na Nansana, vimejaa watu waliotoka kila pembe ya nchi na nje yake. Mkutano wa wazazi ukifanywa kwa Kiganda au kwa Kiingereza, yuko mama wa Kikongo au baba kutoka kaskazini aliyeketi nyuma akitikisa kichwa. Mwenyekiti humhesabu miongoni mwa waliokubali. Hakukubali, hakukataa, hakuelewa. Huyo naye ni miongoni mwa wasiokuwapo, ingawa kiti chake kimekaliwa. Hapa ndipo kazi yetu sisi walimu wa Kiswahili inapoonekana, kwa kuwa tunayo lugha ambayo wengi wa hao wameisikia sokoni na njiani, na sentensi tatu za muhtasari katika Kiswahili zaweza kumrudishia mtu kauli yake.

Tuna kazi nyingine pia, maana aghalabu sisi ndio makatibu wa mikutano hiyo. Tazama kumbukumbu tunazoziandika: "Ilikubaliwa ada iongezwe." "Iliamuliwa uzio ujengwe." Tumewafundisha wanafunzi kauli ya kutendwa, na tunajua kazi yake: humficha mtenda. Nani aliyekubali? Nani aliyepinga, na alisema nini? Sipendekezi tuiache kauli hiyo, kwa kuwa ni mtindo wa ofisi. Napendekeza kila "ilikubaliwa" ifuatwe na maneno mawili, "kwa sababu", na kila pingamizi lililotolewa liandikwe pamoja na jibu lake. Katibu atakayefanya hivyo ataona, siku ya kwanza tu, ni maamuzi mangapi yasiyo na cha kuandika baada ya maneno hayo mawili. Huenda mwenyekiti akakasirika. Na amuulize kwa adabu, "Mzee, niandike sababu gani?" Swali hilo halimpingi mtu. Laweza hata kuwafanya wajumbe walirudie jambo walilolipitisha kwa haraka.